Kwaya Isiyoimba

"Vua shati, Damasi."

"Sivui."

"Vua, au nilikate hukohuko mwilini. Unanijua."

"Dada, mimi si mtoto wako Brayan!"

"Brayan ana miaka tisa na angekuwa ameshavua. Geuka!"

Damasi hakugeuka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu ya vitenge, na fundi Romana, futi shingoni, mkasi mkononi, akamfuata.

Aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita asihangaike kuliazima, namsimulia hapa. Mtu mpole aitwaye Silas alileta oda kwenye fremu ya ushonaji ya Romana, nyuma ya stendi ya Babati: majoho kumi na matatu ya kwaya. Wanakwaya hakuwaleta. Alileta karatasi yenye vipimo kumi na vitatu, bila jina hata moja, na kila joho alitaka liwe na mifuko miwili kwa ndani, mirefu, ya kuingia chupa ya soda. Romana akashona mpaka kipimo cha saba. Hapo akasimamisha cherehani. Bega la kulia limeshuka inchi mbili. Jina unaweza kulificha. Bega hulifichi, hasa kwa dada aliyekulea na aliyekushonea suti kwa bega hilohilo.

Leo asubuhi akamwita mdogo wake aje kula makande. Makande hayakuwepo. Ilikuwepo futi.

"Inchi mbili," alisema Romana, akimpigia futi juu ya shati baada ya kushindwa kulivua. "Haya. Wewe ndiye namba saba. Tangu lini unaimba? Wewe ulifukuzwa kwaya ya watoto na padri mwenyewe."

"Sijasema naimba."

"Basi joho la nini? Na chupa za nini?"

"Chupa gani?"

"Usinitazame kama mbuzi aliyekutwa kwenye mbaazi za watu. Mifuko ya ndani nimeishona mimi. Kitabu cha nyimbo hakina shingo ndefu."

Damasi akatazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, pande zote mbili, kama alivyopenda yeye. Tangu atoke machimboni hakukaa ndani ya chumba kilichofungwa. Alilala barazani, huko Singe, mvua ama baridi.

"Tunakwenda kusafisha," alisema.

"Kusafisha nini? Sufuria yako yenyewe nakuoshea mimi."

"Ule ukumbi wa madalali wa mawe ya vito, barabara ya Bonga. Umejengwa kwa damu yetu, dada. Damu ya wanaapolo. Wachimbaji wanakufa chini, wao huku juu wanakata keki. Kaka Silas amesema tutauchoma Jumatatu, ukiwa mtupu. Haumii mtu. Mimi nasimama getini tu."

Romana akaketi kwenye stuli ya cherehani. Alikuwa ameshakisia. Kukisia ni jambo moja, na kulisikia likitoka kwenye kinywa ulichokilisha uji ni jambo jingine.

"Na huyo Silas ni nani kwako?"

"Ni mtu aliyeniuliza kama ninalala."

"Eti?"

"Umesikia. Mwaka mzima na nusu tangu nitolewe kwenye lile shimo, yeye peke yake ndiye aliyeniuliza. 'Damasi, unalala?' Basi. Nikalia kama mtoto."

"Mimi nilikufanyia misa ya shukrani! Nilichinja mbuzi wawili! Nilikushonea suti ya bluu yenye bitana ya hariri!"

"Ndiyo. Ukanivalisha, ukanipandisha mbele kutoa ushuhuda."

"Mungu alikutoa shimoni. Ulitaka tunyamaze?"

"Mara kumi na nne, dada!"

Sauti yake ilipanda mpaka fundi viatu wa fremu ya jirani akaacha kugonga misumari.

"Mara kumi na nne," Damasi alirudia. "Kanisani. Kwenye jumuiya. Kwenye harusi ya Jacqueline, kati ya keki na zawadi! Kila mahali mshereheshaji ananipa maiki, 'Ndugu yetu, hebu eleza pale jiwe liliposhuka,' halafu watu wanapiga makofi. Mara ya tatu nilikwambia basi. Ukasema naona aibu kumtukuza Mungu. Mara ya tano nilianza kutapika nyuma ya tangi la maji la kanisa. Ulidhani ni chakula."

Romana alifungua kinywa. Ni mwanamke mwenye majibu, huyu. Alimjibu mwenye fremu na bwana afya, na hata mume kabla hajaondoka. Safari hii aliviringisha futi kidoleni, akaikunjua, akaiviringisha tena.

"Na sikuwahi kuwasimulia yenyewe," Damasi alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Wanataka ya muujiza tu, malaika na maji. Kornel hakufa papo hapo."

Kornel alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi ya Sigino. Waliingia machimboni pamoja. Alitoka mmoja.

"Alikuwa upande wa pili wa jiwe. Alikuwa anagonga. Mara tatu. Mimi namjibu mara tatu. Siku ya pili akagonga mara mbili. Halafu mara moja. Mimi niliendelea kumjibu mpaka waliponitoa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukwambia. Ulisema nisubiri umalize pindo."

Wasomaji, mkiwa na ndugu na kazi ya mikono mnajua maneno hayo yaliingia wapi.

"Sista Sabaha wa hospitali alikwambia unipeleke kliniki yake ya akili," Damasi aliendelea, kwa kuwa aliyefungua kidonda haachi katikati. "Siku ulipompima sare. Nilikuwa hapohapo mlangoni. Ukamjibu, 'Mdogo wangu si kichaa, amekosa mke tu.'"

"Nilisema hivyo?"

"Na ukacheka."

"Basi nilikuwa mjinga," alisema Romana, na akasimama. "Nikitoka hapa nitakuomba msamaha vizuri, kwa magoti. Sasa hivi nisikilize. Silas amekwambia Jumatatu, ukumbi mtupu?"

"Ndiyo."

"Mimi ameniambia anayataka majoho leo, kabla ya saa tano. Na leo, Damasi, ukumbi huo una sendofu ya binti wa dalali. Najua kwa sababu nimeshona magauni sita ya wapambe."

"Unadanganya."

"Magauni ya rangi ya biringanya! Nani angedanganya rangi kama ile?"

Pikipiki ikazima nje. Romana akachungulia. Kofia ya pama, viatu vilivyong'arishwa, tabasamu la mtu anayekuja kutoa pole.

"Ndiye huyo," alinong'ona. "Anajua mimi ni dada yako?"

"Hapana. Kwenye kundi letu hatutajiani ndugu."

"Vizuri. Ingia nyuma ya pazia usikie mwenyewe."

Damasi akalitazama lile pazia la kujaribia nguo, kona ya mita moja kwa mita moja, na jasho likamtoka. Romana hakumwambia ajikaze. Neno hilo lilifika ulimini, akalimeza. Alivuta pazia, akaacha upana wa kiganja upande wa mlango.

"Tazama mwanga huo," alisema. "Usitazame kingine."

Damasi akaingia.

"Bwana asifiwe, fundi," alisema Silas mlangoni.

"Amina. Karibu, mwalimu wa kwaya. Majoho yako yamekwisha."

Yalikuwa yamekwisha kweli, yamepangwa mezani, meupe, la juu, la mwalimu mwenyewe, lenye kola ya zambarau. Silas akaweka kofia, akapapasa kitambaa kwa vidole viwili. Alikuwa na mikono mizuri, kama ya mwalimu wa chekechea.

"Una mkono mwepesi, Mama Brayan."

"Na nyinyi mna sauti? Maana nimeuliza mji mzima, hakuna aliyewahi kuisikia kwaya yenu."

"Sisi huimba siku yenyewe."

"Bila mazoezi? Kwaya ya parokia yetu imefanya mazoezi miezi mitatu, na bado besi wanalia kama ng'ombe waliokosa chumvi. Hebu niimbie kidogo. Sijawahi kutoa nguo ya kwaya kwa mtu nisiyemsikia, ni mwiko wa duka hili."

Mwiko huo aliutunga palepale. Alitaka kumwona akibabaika.

Silas akafumba macho, akaimba.

Mstari mmoja tu, wa kuaga marehemu, kwa sauti nene iliyotulia. Fundi viatu akaacha nyundo tena. Mwanamke mmoja aliyepita na beseni la vitunguu akasimama, akapangusa jicho kwa kiwiko. Hapo ndipo Romana alipomwogopa Silas kwa mara ya kwanza. Alikuwa amejiandaa kwa mwongo. Mtu huyu alikuwa amelia kweli mahali fulani, na kilio chake akakigeuza chombo cha kazi.

Nyuma ya pazia mtu akavuta pumzi, nzito, ya haraka.

"Nani yuko humo?" Silas aliuliza.

"Bibi harusi. Anajaribu gauni."

"Anapumua kama punda wa mkokoteni."

"Limembana. Nilimwambia apunguze chipsi, akaninunia. Tuyaache. Hebu nieleze, huyu wa saba, mwenye bega la kushuka, atasimama wapi? Nataka kujua upande gani utaonekana na watu, nipige pasi vizuri."

"Huyo hataonekana," Silas alisema, akihesabu majoho. "Huyo ni wa mlango. Tukishaingia, anaufunga kwa nje."

"Mbona kwa nje?"

"Hatupendi watu watoke katikati ya wimbo."

"Kazi ngumu hiyo kumpa mtu."

"Nimemchagua yeye kwa makusudi. Anajua mlango uliofungwa ulivyo. Akiweza kuufunga huo, hataogopa kitu tena maishani." Silas alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mganga anayeeleza dozi. "Ni dawa yake."

Kidole gumba cha Romana kilipata pini. Hakusikia maumivu.

"Na ule mlango wa jikoni? Mnaimba kwenye sendofu ya binti wa dalali, siyo? Mimi naujua ukumbi ule. Wapishi wana mlango wao wa nyuma."

"Huo una mnyororo tangu asubuhi. Wapishi wameambiwa umeharibika."

Sasa, kati ya wapishi hao alikuwemo Anjela. Anjela ni mjane wa Kornel. Tangu mumewe abaki chini ya jiwe, anapika pilau kwenye shughuli za watu, mtoto mgongoni. Romana alilijua hilo. Damasi alilijua pia.

Pazia likang'oka na fimbo yake.

"Ulisema ukumbi utakuwa mtupu!"

Silas akageuka. Alimtazama Damasi, akamtazama Romana, akaitazama futi, akaitazama ile karatasi ya vipimo. Halafu, amini usiamini, akacheka. Kicheko cha raha.

"Dada yako," alisema. "Mafundi wote wa Babati, na mimi nikaangukia kwa dada yako."

"Anjela yuko jikoni, Kaka Silas! Na mtoto!"

"Anapika chakula cha nani, Damasi?"

"Anapika apate kula!"

"Anawapikia waliomla mume wake. Kila anayekaa kwenye meza ile amekula. Anayepika, anayeimba, anayecheza muziki." Akasogea hatua moja, akamwekea mkono kwenye bega lile lile la inchi mbili. "Mdogo wangu. Nani alikaa na wewe barazani usiku ule ulioshindwa kupumua? Nani alikusikiliza bila kukupigia makofi? Ulibakizwa. Mimi nilibakizwa. Wote kumi na watatu tulibakizwa, na wenzetu walikuwa bora kuliko sisi. Kwa nini? Kwa kazi gani? Ukiiacha leo, basi Kornel alikufa bure, na wewe unapumua bure."

Romana aliona macho ya mdogo wake yakilegea. Ndiyo, baada ya yote aliyoyasikia! Usimcheke. Ukimnyima mtu maji mwaka mzima na nusu, hatauliza kikombe kimetoka wapi.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumchapa kofi, na mkono ulikuwa umeshajiandaa. Badala yake akauliza.

"Na wewe, Silas, unalala?"

Mkono wa Silas ukakaa palepale begani.

"Nini?"

"Nimekuuliza. Unalala?"

Kwa muda wa mishono mitatu au minne, Silas hakuwa mwalimu wala mpole. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye macho mekundu, aliyesimama dukani kwa watu hajui aweke wapi mikono.

"Tangu basi lile lipinduke, hapana," alisema. "Nilikuwa na mabinti wawili."

"Pole," alisema Romana, na alimaanisha. "Nani alikuuliza wakati ule?"

"Hakuna."

"Kuna mtu naweza kukupeleka kwake leo hii. Wewe na huyu. Mguu kwa mguu."

Damasi alimtazama Silas kwa matumaini ya mtoto. Njoo, macho yalisema. Tuende wote.

Silas akapangusa uso. Alipoondoa kiganja, tabasamu lilikuwa limerudi mahali pake.

"Mimi nimeshapata dawa yangu," alisema, na akatoa simu mfukoni.

Basi hapo.

Romana amevalisha mabibi harusi wanaolia, wazee walevi na mapacha wa miaka minne wasiotaka mashati. Mtu mzima mmoja anayetafuta namba kwenye simu hakumshinda. Alikamata lile joho la kola ya zambarau, akalikunjua, akalishusha juu ya kichwa cha Silas kabla hajasema halo.

Na hapa nitoboe siri niliyoificha tangu mwanzo. Mwanamke huyu hakuwa amelala jana. Mifuko yote ya majoho kumi na matatu alikuwa ameishona midomo. Mikono ya majoho ameiziba kwa ndani. Upana ameupunguza mpaka anayevaa atembee kama kuku aliyefungwa miguu sokoni. Joho la Silas alilipendelea: shingo aliikata kwa kipimo cha mtoto wa komunio ya kwanza.

Kichwa kikaingia nusu, kikakwama. Mikono ikabanwa ubavuni. Simu ikaanguka. Kwenye kitambaa cheupe ikabaki pua, ikienda huku na huku.

"Fundi! Fundi, nini hiki?"

"Unajaribiwa nguo. Tulia, utachanika."

Silas akageuka upande usio sahihi, akajigonga kwenye meza ya kupigia pasi, akakaa chini bila kupenda. Romana akaokota simu, akachukua kufuli msumarini, akamshika Damasi mkono, wakatoka. Akavuta milango yote miwili ya bati.

"Mama Brayan, kuna nini humo?" aliuliza fundi viatu.

"Mteja. Anasema shingo inabana."

"Wateja wa siku hizi," alisema fundi viatu, na akarudi kwenye kisigino chake.

"Funga," Romana alimwambia Damasi, akimpa kufuli, maana mkono mwingine ulikuwa umeishikilia milango isifunguke.

Damasi alilishika kufuli kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Siwezi."

"Damasi!"

"Kuna mtu ndani, dada. Siwezi kumfungia mtu."

Dada mtu akaelewa. Kijana ambaye saa moja iliyopita alikuwa kwenye orodha ya kuchoma ukumbi alishindwa kufunga fremu ya fundi cherehani, kwa kuwa ndani kuna binadamu. Silas alidhani amempata mtu wa kufaa sana kwa mlango ule. Hakuwa amempima vizuri.

"Basi tumwache atoke akawaite wenzake?"

Damasi alipumua. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mlima Kwaraa ulikuwa umevaa wingu lake, watu wanashuka kwenye mabasi na mizigo yao, hakuna aliyejua.

"Nitafunga," alisema. "Lakini sitaondoka hapa. Nitakaa mlangoni naongea naye mpaka afunguliwe. Na polisi naongea nao mimi."

"Wewe? Watakuuliza umejuaje."

"Ndiyo. Nitawaambia."

Tangu jana jambo hilo ndilo lililomzuia Romana kwenda kituoni. Polisi wakihesabu kumi na watatu, wa saba ni wa tumbo moja naye. Alitaka kumtoa kwanza, kisha awaache wengine wahesabiwe. Sasa mwenyewe alinyoosha mkono apewe simu.

Akampa.

"Naitwa Damasi," alimsikia akisema, taratibu, kila neno kwenye mstari wake. "Mimi ni mmoja wao. Ukumbi wa barabara ya Bonga, leo. Mlango wa jikoni umefungwa mnyororo. Kiongozi wetu yupo hapa nyuma ya stendi, hawezi kutoka. Hapana, afande, hana silaha. Ana joho."

Akakata. Akafunga kufuli. *Kach*.

Romana naye alikuwa ameshampigia sista Sabaha. "Ule ujinga wangu wa siku ile nausahihisha leo," alimwambia. "Njoo dukani kwangu." Sabaha hakuuliza maswali, alisema dakika ishirini, na akaongeza, "Usimwambie ajikaze." Anjela alipigiwa mara tatu. Simu ya Anjela iliita mpaka ikachoka.

Ndipo Silas alipoanza kusema kutoka ndani, sauti ikipita kwenye kitambaa na kwenye bati.

"Mama Brayan! Hukujiuliza kwa nini nimekuja peke yangu?"

Romana akasogeza sikio kwenye bati.

"Mimi sishoni kwa fundi mmoja. Yako ni ya kundi la saa nane. Fundi wa Bonga alimaliza jana majoho mengine sita, ya watu ambao hata Damasi hawajui, nao wameshavaa. Tulipatana tukutane ukumbini saa tano na nusu. Nisipofika hawasubiri saa nane, wanaanza wenyewe."

Saa ya Romana ilikuwa saa tano na dakika saba.

"Anatutisha," alisema Romana.

"Silas hajui kutisha," Damasi alisema. "Akisema sita, ni sita. Niwapigie polisi tena."

Akapiga. Afande akasema gari limeshatoka, ila limeelekezwa kwanza stendi kumchukua huyo kiongozi, ngoja ajaribu kuligeuza. Ngoja! Na Anjela jikoni, ameigeukia sufuria, mtoto mgongoni, mnyororo mlangoni.

Romana akachomoa mkasi mfukoni, akaona hautafaa kitu, akaurudisha, akamgeukia fundi viatu.

"Ile koleo yako kubwa ya kukatia waya. Nipe."

"Mama Brayan, ni ya kazi!"

"Na mimi nakwenda kazini. Nipe!"

Akapewa. Akapunga mkono, bodaboda akasogea. Na hapo, mguu mmoja ukiwa umeshapanda, akasikia.

Mlango uligongwa kutoka ndani. Kwa kisigino. Mara tatu.

Damasi akawa mweupe midomo. Kabla ya leo, katika dunia hii yote, mtu mmoja tu alikuwa amesimuliwa habari ya kugonga mara tatu. Mtu huyo ndiye aliyekuwa ndani.

"Damasi," sauti nzuri ilisema, karibu kabisa na bati. "Mdogo wangu. Hewa imekuwa ndogo huku."

Ufunguo ulikuwa kwenye kiganja cha Romana. Angeweza kwenda nao Bonga, na mdogo wake angekaa hapo na mlango asioweza kuufungua, kwa mara ya pili maishani mwake. Angeweza kubaki amlinde. Angeweza kumchukua kwenye pikipiki na kumwacha Silas na fundi viatu.

"Utaweza kukaa naye dakika ishirini?" aliuliza. "Niambie kweli."

"Sijui, dada."

Lilikuwa jibu la kwanza la kweli alilompa tangu atoke shimoni, na lilikuwa la kwanza kwa sababu hakuwa amewahi kuulizwa hali yake.

Romana akamkunjulia vidole, akamwekea ufunguo kiganjani, akavifunga tena.

"Basi kaa usijue. Sabaha anakuja. Mlango ni wako."

Akapanda. Pikipiki ikaruka. Walipofika kwenye kona ya kuingia lami, bati likagongwa tena nyuma yao, mara tatu, na safari hii mtu akajibu kwa nje, mara tatu. Kisha ikasikika sauti kama ya ufunguo ukicheza kwenye kufuli.

"Mama," bodaboda alisema, akipunguza mwendo, "kama wanakuita kule. Tugeuze?"

Romana alikaza koleo kifuani.

"Kanyaga mafuta," alisema. "Bonga."